Nyodo Nilizorithi

Neno lilinifikia saa nne asubuhi, saa ya chai, nje ya geti la shule ninayofundisha hapa Raskazone, Tanga. Yupo mama mmoja anayeuza mihogo ya kukaanga na pilipili ya kusaga, mwenyeji wa Pangani, na kila akienda kwao Ijumaa hurudi Jumatatu na habari za mji mzima. Siku hiyo alinifungia mihogo yangu kwenye gazeti, akaniongezea kipande kimoja ambacho sikukiomba, na hapo nikajua kuna jambo.

"Mwalimu, nikwambie kitu usinikasirikie?"

"Sema."

"Juzi nilipita kwa mama yako mkubwa kumjulia hali. Nikamwambia mwalimu hajambo, namwona kila siku. Akaguna. Akasema, mwache huyo, siku hizi ana nyodo."

Nikacheka. Ndivyo nifanyavyo nikipigwa mahali panapouma. Nikaingia chumba cha walimu na mihogo yangu, nikakaa, na chai yangu ikapoa bila kuguswa.

Nimeitwa mengi katika maisha yangu. Wanafunzi wangu, kwa lugha yao ya simu, husema madamu anajimwambafai. Walimu wenzangu husema anajisikia. Hayo hayanitoi hata jasho. Mwalimu asiyesemwa hajafundisha. Lakini huyo mama mkubwa wa Pangani ndiye mtu pekee aliyebaki duniani aliyemjua mama yangu akiwa kijana, na ndiye pekee ambaye bado huniita kwa jina langu la utotoni. Akinifungia mlango yeye, sina tena nyumba ya kupiga hodi Pangani nzima. Na sababu niliijua. Miezi sita kabla ya hapo mumewe alikuwa amefariki, na mimi sikwenda kukaa mkekani. Nilipeleka mchele.

Kamusi itakwambia nyodo ni maringo yenye dharau, ikuache hapo. Sina ugomvi na kamusi, ila mimi nimekulia Pangani na neno hili nalijua lilivyo likikaa mdomoni mwa watu. Kwetu mwanamke akifunga kanga mpya siku ya Idi akapita mbele ya baraza kwa mwendo wa pole, akijua anatazamwa, huyo anaringa, na hakuna anayemchukia. Wengine humwambia ringa mama, umepata. Mwanamume akirudi kutoka Dar es Salaam akaanza kusimulia magari aliyopanda, huyo anajidai, na watu humwacha amalize ndipo wamcheke. Kuringa unaweza kuringa peke yako mbele ya kioo. Nyodo huwezi. Nyodo lazima ziwe na mtu wa kuzipokea, tena mara nyingi ni mtu uliyekuwa naye karibu, na unachomwambia kwa nyodo zako ni kwamba humhitaji.

Ndiyo maana mtu wa kwanza kuitwa mwenye nyodo nyumbani kwetu hakuwa na chochote cha kuringia. Alikuwa mama yangu mzazi.

Mama alikuwa Mshambaa wa Lushoto, Mlutheri wa kwaya, mtoto wa wakulima. Baba alikuwa fundi wa mitambo ya kivuko, na kazi hiyo ndiyo iliyotushusha milimani tukaja kuishi Pangani, mimi nikiwa na miaka saba. Mama alikuwa na kanga nne na pea moja ya viatu vya kanisani. Alisalimia kila mtu, mkubwa na mdogo, na alikuwa akiona haya hata kuuliza bei ya samaki. Akitajiwa bei alilipa hiyo hiyo, wachuuzi wakabaki wanatazamana. Mtu wa namna hiyo nyodo angezitoa wapi?

Alizitoa kwenye sahani.

Nyumba iliyopakana na yetu, ukuta kwa ukuta, ilikuwa ya mfanyabiashara wa nazi na mkewe. Mume alikuwa mtu wa taratibu. Kila akiniona na sare yangu ya shule aliniita bibi harusi, akanikatia dafu, akangoja nimalize kunywa ndipo anikwangulie nyama yake. Mke alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya kusikika hadi sokoni na cheko linaloanzia tumboni. Huyo ndiye niliyekuja kumwita mama mkubwa, ingawa hatukuwa na tone la damu moja.

Ramadhani yetu ya kwanza pale, jua lilipokaribia kuzama, sinia liliingia uani kwetu limefunikwa kawa. Chini ya kawa mlikuwa na mihogo ya nazi, tambi za sukari, kaimati zinang'aa kwa shira, na bakuli la uji wa pilipili manga. Mama alilitazama lile sinia kwa wasiwasi.

"Watakuwa wamekosea nyumba," alisema. "Sisi hatufungi."

"Futari haiulizi dini," baba akamjibu, naye keshachukua muhogo.

Tulikula. Kabla hata hatujamaliza, mama alikuwa ameshasimama. Alihamisha kilichobaki kwenye sufuria yetu, akaviosha vile vyombo vya watu, akavijaza mapeasi tuliyoletewa na basi kutoka Lushoto, akanituma nivirudishe. Siku ya pili sinia likaja tena. Nikarudisha vyombo na viazi na kabichi. Siku ya tatu nikarudisha na wali umejaa hadi kawa haifuniki. Nilikuwa nikifika pale wenyewe ndio kwanza wametoka kusali, wamekaa kula.

Mama alikuwa akifanya alivyofundishwa. Kwao, chombo cha jirani hakilali nyumbani mwako. Kikilala umemsahau mwenzio, na ukirudisha pungufu umemdhulumu. Pwani nako sahani hairudi tupu, hilo wanakubaliana. Ila pwani sahani haina haraka. Inakaa kwako wiki, inakaa mbili, mpaka siku utakayopika kitu kikupendeze mwenyewe, ndipo umkumbuke mwenye nayo. Muda wote huo jirani anajua kuna kitu chake kabatini mwako, na kwamba siku moja utapiga hodi. Kumrudishia saa ile ile, tena imejaa kuliko ilivyokuja, ni kumwambia chukua chako tusijuane. Haya nayasema leo, mtu mzima. Wakati ule sikujua, na mama hakujua, na hakuna aliyemwambia, kwa sababu mambo kama haya watu wa mahali hudhani kila mtu amezaliwa akiyajua.

Wiki ya pili nilikuwa bombani na ndoo yangu. Wanawake hawakuniona, au waliniona wakapuuza.

"Yule mke wa fundi ana nyodo, jamani!" mama mkubwa alikuwa akisema. "Sahani yangu yamuunguza mikono. Sijameza hata tende, nasikia hodi, katoto keshaleta vyombo. Na vilivyojazwa! Ati mie nina njaa."

Wakacheka. Mmoja akapinda mdomo na kuinua bega, kuonyesha mama yangu anavyotembea, ingawa mama hakuwahi kutembea hivyo hata siku moja. Nilijaza ndoo yangu nikaondoka. Kosa nililofanya ni kulibeba lile neno nikalifikisha nyumbani.

"Nyodo ni nini?" mama aliniuliza. Kiswahili chake kilikuwa cha milimani na cha kanisani, na neno hilo alikuwa hajakutana nalo. Sikujua kulieleza. Nikapinda mdomo na kuinua bega kama nilivyoona bombani. Akaelewa mara moja. Alikuwa amekaa kwenye mbuzi anakuna nazi, na akaendelea kukuna hata nazi ilipokwisha, anakuna kifuu.

Mtu mwingine angekasirika akanuna. Mama yangu alijaribu kutengeneza. Aliona kosa lake lazima liwe kwamba anatoa kidogo, hivyo kesho yake sinia lilipokuja, aliondoa chakula, akaosha vyombo, na pamoja na vyombo akanipa jogoo. Jogoo mzima, amefungwa miguu. Nikampeleka nikiwa nimemkumbatia, anataka kunidonoa jicho. Mama mkubwa alimtazama jogoo, akanitazama mimi, na cheko lake siku hiyo halikutoka.

"Mrudishe," alisema. "Mwambie mama yako futari yangu siiuzi."

Kuanzia siku hiyo sinia halikuja tena. Ramadhani ikaendelea ng'ambo ya ukuta wetu. Tulisikia vyombo vyao, tulinusa iliki. Sitasema uongo, nililia kaimati kabla sijamlilia mama. Lakini baadaye nilimlilia na yeye. Alikuwa akitoka kwenda sokoni njia ya nyuma. Alikuwa akinituma mimi bombani hata siku za shule. Baba alimwambia haya mambo yataisha, wanawake wana maneno, na mama akamwambia kwamba yeye anakaa na mitambo kutwa na mitambo haisemi.

Siku ya Idi mama mkubwa alipeleka pilau kila nyumba ya mtaa ule. Hakuweza kuturuka, kuturuka siku ya Idi kungekuwa nyodo zake yeye. Pilau letu lilikuja kwenye sahani kubwa ya kale, nzito, yenye maua ya waridi ukingoni. Nadhani vyombo vya kawaida vilikuwa vimemwishia. Na mama yangu, jamani, alikuwa bado hajajifunza. Alipakua lile pilau mbio mbio, akachuchumaa uani kuosha, mikono ina sabuni, akili iko kwenye atajaza nini. Sahani ikamponyoka ikaangukia jiwe la kufulia. Ikawa vipande vitatu.

Alikaa navyo mapajani mpaka baba aliporudi. Baba akasema ataagiza nyingine Tanga mjini. Mama akatikisa kichwa. Sahani ile haikuwa ya dukani, hata mimi mtoto niliona. Ilipokaribia magharibi alivifunga vile vipande kwenye kanga, akanishika mkono, tukapita mlango wa mbele wa jirani kwa mara ya kwanza. Barazani na ukumbini kulikuwa na wageni wa Idi, wamejipamba, na sote wawili tulikuwa na nguo za jikoni.

Mama alifungua kanga sakafuni. Mama mkubwa aliinama akachukua kipande kimoja, akakigeuza, akakitazama upande wa maua.

"Hii alikuwa nayo marehemu mama yangu," alisema.

Mama akapiga magoti. "Dada, nimekuvunjia. Sina cha kukulipa."

"Huna?"

"Sina."

"Huna kabisa? Hata jogoo?"

"Sina, dada."

Sikuwa nimewahi kumsikia mama yangu akimwambia mtu neno hilo kabla ya siku ile. Kisha lile cheko likaanza, kutoka chini kabisa tumboni, likapanda, mama mkubwa akajipiga paja na kile kipande bado mkononi.

"Alhamdulillahi!" alisema. "Mwezi mzima nakungoja useme huna. Kaa hapa! Kaa ule. Na leo ukinyanyuka kuosha chombo, wallahi nitakupiga."

Mama akakaa. Alikula kwa mkono katika sinia moja na wanawake waliokuwa wakimcheka bombani, machozi yanamtoka na wali unaingia, na hakuna aliyemwambia anyamaze. Mimi nilipewa kaimati kumi na mbili. Nilizihesabu.

Miaka iliyofuata ndiyo ninayoikumbuka nikisikia neno kwetu. Kabati la mama halikukosa chombo cha jirani, na kabati la jirani halikukosa chetu, mpaka ikawa hakuna anayejua bakuli la nani ni lipi. Alasiri walikaa ukumbini kwa mama mkubwa, mmoja anasukwa, mwingine anachambua mchele, redio inaongea peke yake. Krismasi mama mkubwa ndiye aliyekuja kutupikia, kwa sababu alisema Walutheri hawajui kutia viungo. Mama alijifunza kusema maneno ya pwani kwa lafudhi yake ya mlimani, na siku moja nilimsikia akimsema mke wa afisa mgeni aliyehamia mtaani kwamba ana nyodo. Nilimkumbusha. Alinirushia kifuu.

Mimi nilikuwa wa nyumba zote mbili. Nilikula nilipokuta kimeiva. Nilipovunja ungo, mama mkubwa ndiye aliyenikalisha chini na kunieleza, maana mama aliona haya. Nilipofaulu kwenda sekondari, mumewe alinipa sanduku la bati, akaniambia bibi harusi huolewa na vitabu kwanza. Nikiyakumbuka hayo leo, hapa kwenye nyumba yenye ukuta mrefu ambao sijui jirani wa upande wa pili anaitwaje, naona wivu, na wivu wenyewe ni juu ya mtoto niliyekuwa.

Baba alistaafu, wakarudi Lushoto, baba akatangulia mbele ya haki na mama akamfuata miaka kadhaa baadaye. Tulimzika mama huko huko mlimani, mwezi wa Julai, baridi kali na ukungu. Siku ya pili ya msiba tuliona gari la abiria linasimama chini ya kilima, na mwanamke mnene anashuka, anashikwa huku na huku. Mama mkubwa alipanda kile kilima kwa magoti yake mabovu, anapumzika kila baada ya hatua kumi, anamtaja Mungu. Alikaa mkekani siku tatu miongoni mwa Walutheri wanaoimba tenzi, kichwa kafunika kanga, mwilini kavaa koti la marehemu baba kwa baridi. Hakuleta kitu. Alikuja na kipochi chake tu, na siku ya kuondoka ilibidi tumpe nauli. Sikumbuki nani alileta nini siku ile. Yeye namkumbuka alivyokuwa amekaa, bega lake limegusana na langu.

Sasa mtu huyo anafiwa na mumewe, na mimi niko Tanga, mwendo usiofika hata saa mbili. Simu ilikuja asubuhi. Kulikuwa na mitihani ya kusahihisha, ni kweli. Kulikuwa na kikao cha wazazi, ni kweli pia. Lakini nikisema ukweli wenyewe, nilikuwa nimechoka, na niliona nikipeleka kitu cha maana nitakuwa nimefanya zaidi ya waendao mikono mitupu. Nilinunua mchele wa Mbeya mzuri, magunia, sukari, mafuta, majani ya chai. Nilikodi pikapu. Nilimwagiza dereva aseme vimetoka kwa mwalimu. Jioni akanipigia kuniambia vimepokelewa, nikalala usingizi mzuri. Wiki iliyofuata nikasema nitakwenda mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi nikaona haya kwa kuchelewa. Haya ikazaa kuchelewa zaidi.

Baada ya lile neno la muuza mihogo nilizunguka na hasira wiki nzima. Nilisema moyoni, magunia yote yale halafu mimi ndiye mwenye nyodo? Wangapi walileta kama mimi? Nilikuwa nikipika huku nagombana na mtu aliye Pangani. Ijumaa, katikati ya ugomvi huo, nikajisikia nasema kwa sauti, "Kwani nimempa kidogo?" Nikaweka mwiko chini. Nilikuwa nimemwona mama yangu, amenikabidhi jogoo.

Jumamosi niliendesha gari kwenda Pangani. Barabara imetengenezwa siku hizi, hata kisingizio cha mashimo sina tena. Nyuma ya gari nilikuwa nimepakia, ndiyo, nilikuwa nimepakia tena: mchele, kitenge, dawa ya kuchua magoti. Nilipoegesha mbele ya nyumba ile nikashika kufungua nyuma, nikaacha. Sijawahi kuona mlango ukiwa mbali vile. Mikono yangu sikujua niiweke wapi.

"Hodi."

"Nani?"

"Mimi, mama mkubwa."

Sauti ile, imepungua lakini ni ile ile: "Mimi wako wengi."

Niliingia. Alikuwa amesimama ukumbini anajifunga baibui, ameegemea ukuta. Amekonda. Hilo hakuna aliyeniambia.

"Shikamoo, mama mkubwa."

Hakuitikia. Aliendelea na baibui lake. Mtu wa pwani anaweza kukutukana, anaweza kukufukuza, lakini shikamoo ataiitikia kwanza. Nilisimama pale, mwalimu mzima wa miaka hamsini.

"Umenikuta natoka," alisema. "Naenda msibani, hapo nyuma ya msikiti. Watu wakifiwa huwa twaenda."

"Ndiyo, mama mkubwa."

"Umeleta magunia mangapi leo?"

"Sijashusha kitu."

Ndipo akanitazama. "Mchele wako ulifika," alisema. "Mzuri, hauna hata mawe. Nimepikia watu siku tatu, wamekula, wamekusifu. Mie sikutia punje mdomoni. Kila mlango ukigongwa nanyanyua uso. Nilikuwekea nafasi hapa ubavuni pangu. Mtu akitaka kukaa namwambia, pana mtu hapo. Siku ya tatu wakanikalia, sikuwa na la kuwaambia."

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Hilo sikuwa nimejiandaa nalo. Nililia kwa sauti, bila adabu, kama sikuwahi kufundisha mtu. Nikamwambia anisamehe.

"Kukusamehe si kazi," alisema. "Nilishakusamehe nikiwa bado mkekani. Kazi ni kukuzoea tena, na mie mtu mzima, muda wa kuzoea watu sina."

Alichukua fimbo yake akaanza kwenda mlangoni. Nikamwambia anichukue na mimi. Akanitazama toka juu hadi chini. Nilikuwa na suruali, na blauzi ya ofisini, na mkoba.

"Msibani? Hivyo ulivyo?"

"Niazime kanga, mama mkubwa. Sina."

Alirudi chumbani taratibu, nikasikia sanduku linafunguliwa na kufungwa, akatoka na pea ya kanga zilizopauka zinanukia udi. Moja alinipa nijifunge. Ya pili alinitanda mwenyewe kichwani, akaikaza chini ya kidevu kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Kisha akanipa kiwiko chake nikishike, tukatoka.

Hakuniambia neno njia nzima. Aliwasalimia watu, akapumzika mara mbili, akamkemea mwenye bodaboda aliyepita karibu mno. Nilikuwa simjui marehemu wala wafiwa. Wanaume walikuwa nje kwenye mabenchi. Sisi tukaingia ndani, tukavua viatu pamoja na viatu vingine vingi. Chumba kilikuwa kimejaa wanawake goti kwa goti, hakuna hata pa kuweka mguu. Mmoja wa makamo, karibu na mlango, alitazama mkoba wangu na ile suruali iliyochungulia chini ya kanga, akamuuliza mwenzie kwa mnong'ono uliosikika na wote kwamba huyu ni nani. Nilikuwa nafungua mdomo nijieleze: kwamba mimi ni mwalimu, natoka Tanga, niliwahi kuishi hapa zamani. Mama mkubwa alinitangulia.

"Mwanangu huyu," alisema. "Amechelewa. Msogezeeni akae."

Wakasogea.